Uso wa Nyanchera Katika Miraba

Swati alianza kutengeneza picha kwa kompyuta baada ya mwanawe Jigar kwenda Leicester kusoma, akikaa kwa baba yake mdogo. Kompyuta yenyewe ilikuwa imetoka huko huko miaka mingi nyuma, watoto wa shemeji yake walipopata mpya na hii wakaiona takataka. Ilikuwa kibodi nene ya rangi ya udongo, isiyo na kioo chake. Uliichomeka kwenye televisheni, na kazi yako ukaihifadhi kwenye kanda ya kaseti kama mtu anayerekodi nyimbo. Jigar aliichezea michezo mpaka akaichoka. Kufikia mwaka 1998, wachache waliokuwa na kompyuta katika mji wa Kisii walikuwa na zile za kisasa, na Pankaj, mumewe Swati, alisema zaidi ya mara moja kwamba hiyo ilikuwa ya kutupa.

Swati hakuitupa. Duka lao la vitambaa na sare za shule lilifungwa Jumapili, na siku hiyo, orofani juu ya duka, alikaa sakafuni mbele ya televisheni na kuendelea na kazi yake. Alichukua picha ya kawaida na kuifunika kwa plastiki angavu aliyoichora miraba midogo. Kisha akautazama kila mraba na kuamua: huu mweusi, huu kahawia, huu rangi ya chungwa. Aliyaandika hayo kwenye karatasi ya hesabu, halafu akaingiza namba kwenye mashine, mstari baada ya mstari. Mashine ilijua rangi chache sana, na hata hizo haikukubali zirundikwe mahali pamoja. Kwa hiyo kila picha ilibidi ipunguzwe. Hapo ndipo palipompendeza Swati, pale pa kuamua nini kibaki. Alikuwa ametengeneza vilima vya Manga wakati wa ukungu, tausi wa kwenye kalenda, na marehemu mama yake akiwa amevaa sari ya harusi. Hakumwonyesha mtu isipokuwa Pankaj, na Eucabeth.

Eucabeth alikuwa fundi aliyeshona sare kwenye baraza ya duka. Alitoka Mosocho kila asubuhi, na alikuwa amefanya kazi hapo tangu bintiye wa kwanza, Nyanchera, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mtoto alikua pale pale barazani. Shule zikifungwa, alikaa chini ya meza ya mama yake akipanga vifungo kwa rangi. Ukimsemesha aliinamisha kichwa upande kidogo kabla ya kujibu. Swati alidhani ni haya.

Mwaka huo mvua za El Nino zilikuwa zimenyesha mpaka watu wakasahau jua. Zilipopungua, malaria ilipanda milimani, mahali ambapo wazee walizoea kuiona kama ugonjwa wa watu wa ziwani. Hospitali zilijaa, watoto wakalazwa watatu kitanda kimoja. Nyanchera aliugua Jumatatu. Kabla ya wiki kwisha, alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kando ya migomba.

Eucabeth aliporudi kazini, Swati hakujua amwite nani. Miaka yote alikuwa amemwita mama Nyanchera. Sasa aliliepuka jina hilo, akawa anamwita dada tu. Ilipita wiki hivi, kisha Eucabeth akasimamisha cherehani.

"Mama Jigar," alisema, "mbona umeninyang'anya jina?"

"Niliogopa kukuumiza."

"Usiponiita ndiyo unaniumiza. Yeye ndiye alinifanya niitwe mama. Niite."

"Sawa, mama Nyanchera."

Eucabeth alifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare, kisha akatoa bahasha ndani ya mkoba wake. Mlikuwa na picha ya shule, darasa la tatu lote limesimama mbele ya ukuta. Nyanchera alikuwa mstari wa nyuma, karibu na pembe. Uso wake haukuzidi punje ya hindi.

"Hii tu ndiyo iko," alisema Eucabeth. "Ile ya siku ya kumweka wakfu kanisani hatukupiga, tulisema tutapiga baadaye. Nilienda kwa Makori wa studio, akaikuza. Ikawa moshi mtupu. Yule aliyepiga hii alihama, hata negativu hakuna. Nikafikiri, wewe unajua kutoa watu kwenye miraba."

Swati aliishika picha kwa ncha za vidole. Alitaka kusema haiwezekani, lakini akasema angejaribu.

Aliifanya kazi hiyo Jumapili baada ya Jumapili. Chini ya kioo cha kukuzia, uso wa Nyanchera ulikuwa madoa tu: giza la nywele, mwangaza wa paji la uso, kivuli mahali pa macho, doa lingine mahali pa mdomo. Swati aliona hayo hayatoshi. Alimkumbuka mtoto, akamwazima macho ya mama yake, yale makubwa ya pembe zilizoshuka. Akamtia kitabasamu. Tena kichwa kilionekana kimelala upande, kana kwamba mpiga picha alimkamata kabla hajajiweka sawa, naye Swati akakinyoosha. Alipomaliza, msichana mzuri alimtazama kutoka kwenye televisheni, na Pankaj aliyekuwa akipita na gazeti alisimama na kusema, "Hii umeiweza."

Jumapili iliyofuata Eucabeth alipanda ngazi, amevaa nguo zake za kanisani ingawa Sabato yake, Jumamosi, ilikuwa imepita. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alitazama kwa muda mrefu, na Swati aliyekuwa akimtazama yeye aliona mabega yake yakishuka.

"Ni mtoto mzuri," alisema mwishowe. "Asante, mama Jigar. Lakini huyu si wangu."

"Niambie pa kurekebisha."

"Sijui nikwambie nini. Macho haya ni yangu mimi, yake yalikuwa ya baba yake. Na huyu ananiangalia wima hivi kama askari." Aligusa sikio lake la kushoto. "Nyanchera hakuwa anasikia na sikio la kushoto. Alipata surua akiwa mdogo, likafa. Ndiyo maana alikuwa anainama, alikuwa anakuletea lile zima."

Swati alihisi uso wake ukipata moto. Miaka yote hiyo barazani, mtoto alikuwa akimpa sikio lililokuwa likisikia, na yeye akaita haya.

"Sikujua," alisema.

"Hakutaka watu wajue. Alisema watamcheka shuleni."

Kisha Eucabeth akainuka, akasogea karibu na kioo, akagusa hewa mbele ya lile tabasamu bila kugusa kioo chenyewe. "Toa vile umeongeza," alisema. "Acha tu vile viko kwa picha. Hata kama ni kidogo."

Swati alianza upya. Safari hii kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mkono wake ulizoea kusaidia. Kila alipotaka kuongeza nukta ya mwanga kwenye jicho, aliirudia picha ya shule na kukuta jicho halipo, kipo kivuli. Akaweka kivuli. Mdomo ulikuwa doa moja jeusi lililozidi upande mmoja. Akaweka doa. Akaacha kichwa kilale kama kilivyolala. Kwa karibu, kazi yote haikufanana na kitu chochote, ungedhani ni kiraka cha blanketi.

Eucabeth alipokuja tena, Swati hakumkaribisha kitini. Alimwomba asimame mlangoni, kule ngazi inapoishia, kisha akasogea pembeni.

Eucabeth alishika fremu ya mlango. Pale mbali, miraba ilikuwa imeungana, na mtoto wa darasa la tatu alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri aambiwe jambo.

"Nere," alisema Eucabeth kwa lugha yake, polepole. "Nere. Ndiye."

Alilia akiwa amesimama, na Swati akamshika mkono, wote wawili wakiitazama televisheni. Pankaj alitoka jikoni, akawaona, akarudi alikotoka bila kelele.

Wiki hiyo Makori alikuja na kamera yake ya miguu mitatu. Walifunga mapazia, akapiga picha ya kioo, na Eucabeth akaenda nayo nyumbani ikiwa imewekewa fremu. Swati alifikiri mambo yameishia hapo.

Lakini mume wa Eucabeth hakuitaka. Onyiego alikuwa mchongaji wa mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea vinyago, aliyekaa Tabaka kwenye machimbo siku za kazi na kurudi Mosocho Ijumaa kabla ya jua kuzama. Aliitazama ile picha kwa karibu, mkononi, akaigeuza uso chini na kuiweka kabatini. Alisema mtoto wake hakuwa vipande. Eucabeth alimweleza Swati hayo barazani akiwa anatia uzi kwenye sindano.

Siku moja ya kazi, duka likiwa na wateja wachache, mwanamume mwembamba mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi aliingia na gunia begani. Eucabeth hakuwapo, alikuwa amempeleka mtoto wake mdogo kliniki. Mwanamume alilishusha gunia kwa uangalifu.

"Mimi ni baba Nyanchera," alisema. "Naomba kuona kile kitu kwa televisheni, mama. Kwa karatasi sikuelewa."

Pankaj alimwangalia mkewe, kisha akasema yeye atabaki na wateja, Swati akampandisha mgeni orofani na gunia lake.

Kanda ilichukua muda kusomwa, kama kawaida yake. Wakati wakingoja, Onyiego alifungua gunia. Ndani yake mlikuwa na vichwa vya mawe, vidogo, vya ukubwa wa ngumi, na vyote vilikuwa vimevunjwa usoni.

"Nachonga viboko, twiga, sahani, chochote mfanyabiashara anaagiza," alisema. "Jiwe halijawahi kunikataa. Hili lilinikataa. Nikimaliza, ninaona si yeye, ninapiga nyundo. Mama yake hajui. Anafikiri nilikataa picha yake kwa hasira."

"Na ulikataa kwa nini?"

Alifikiri. "Niliona wewe umeshindwa kama mimi."

Picha ilianza kujitokeza kutoka juu. Swati alimwomba akasimame mlangoni. Onyiego alienda kusimama pale pale aliposimama mkewe, mikono ikining'inia. Gari la soda lilipita barabarani, vioo vya dirisha vikatetemeka, lakini hakugeuka.

"Macho hayako," alisema baadaye.

"Hayako. Mara ya kwanza niliyaweka, mama Nyanchera akayakataa. Kwenye picha ya shule ni kivuli tu."

"Mimi ndiyo nilikuwa naanza nayo." Alikaa kwenye ngazi ya juu kama mtu aliyechoka. "Nikifika kwa macho anakuwa mtu mwingine. Kumbe ni shingo. Yeye alikuwa kwa shingo."

Aliomba akae kidogo. Swati alimletea chai, akaishika bila kuinywa mpaka stima ilipopotea na kioo kikawa cheusi. Swati alimpa karatasi ya miraba aende nayo, lakini Onyiego alikataa kwa adabu. Alisema ameshaona. Akitoka, gunia aliliacha barazani, akaomba zile kokoto zimwagwe kwenye mashimo ya barabara nyuma ya duka.

Mwezi wa nane Eucabeth aliwaalika Mosocho. Pankaj aliendesha gari polepole kwenye barabara iliyoharibiwa na mvua, na walipofika alibaki nyuma ya mkewe, hajui aweke mikono wapi. Kwao wafu huchomwa. Hakuwa amewahi kusimama kwenye kaburi lililo hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kuku wakipita juu yake. Alivua viatu, kwa kuwa ndiyo heshima aliyoijua.

Kichwani mwa kaburi lilisimama jiwe la rangi ya waridi lililong'arishwa. Halikuwa na macho wala mdomo, ni mviringo tu wa kichwa na shingo iliyoinama kulia. Ndani ya nyumba, picha ya Makori ilikuwa imetundikwa ukutani mkabala na mlango, mahali ambapo mtu aliyesimama nje angeiona.

Walikaa kwenye viti vilivyotolewa nje. Eucabeth alikuwa akimenya ndizi mbivu, akaacha.

"Kuna kitu sijaambia mtu," alisema. "Ile asubuhi ya mwisho hospitalini, wenzake walikuwa wamebanana naye, akalalia sikio lile zima. Nilimwongelesha saa zote. Nilimwambia tutaenda nyumbani, nilimwambia dada zangu wanakuja. Nilikuwa naongelesha sikio lililokufa. Nilikumbuka nikiwa njiani kurudi na maiti."

Pankaj aliangalia miguu yake mitupu kwenye nyasi.

Onyiego, aliyekuwa akikata ndizi kwenye mkungu, aliweka kisu chini. "Macho yalikuwa wazi?" aliuliza.

"Yalikuwa wazi."

"Basi alikuwa anakuangalia mdomo. Darasani alikuwa anafanya hivyo, mwalimu wake aliniambia. Akiwa mbali hasikii, anaangalia mdomo."

"Hukuniambia hayo."

"Hukuniambia hii ya hospitali."

Eucabeth hakusema kama ameamini. Aliokota ndizi nyingine na kuimenya, akampa Swati nusu na Pankaj nusu, na mtoto mdogo aliyekuwa akicheza karibu na jiwe alipokuja kudai yake, alimpakata na kumlisha kwa mkono, kipande kwa kipande.