Kabla ya Kumwaga Pipa

Mama alikuwa fundi cherehani. Michoro ya mishono yake ilikuwa imehamia kwenye kompyuta tangu panya walipoitafuna ile ya karatasi. Kompyuta hiyo ilinunuliwa na binti yake, aliyekuwa mwanaprogramu. Binti na wenzake ndio waliotengeneza mfumo ulioiendesha, na sehemu aliyoishughulikia yeye ilikuwa pipa la taka, pale mafaili yaliyofutwa yanapokaa kabla ya kuondoka kabisa.

Asubuhi moja flashi ya mama ilijaa. Akafuta michoro ya zamani, lakini nafasi haikuongezeka. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake ipunguzwe akamwambia, "Hiyo bado iko kwenye pipa la taka. Limwage."

Akalimwaga. Ndipo alipokumbuka mchoro wa gauni la bibi harusi. Juzi yake aliufuta kwenye kompyuta kwa bahati mbaya, akauacha humo pipani akingoja binti aje amrudishie. Hakujua kwamba taka za flashi na za kompyuta zilikaa pipa moja na kumwagwa pamoja.

Binti alifika mchana, akajaribu kila njia ya kuufufua mchoro ule, akatoka mikono mitupu.

"Kwani halikukuuliza kwanza, mama?"

"Liliuliza kama nina uhakika. Uhakika wa nini, halikusema. Nikaitikia tu, kama mtu anayesalimiwa njiani." Mama akavua miwani. "Nani aliyelitengeneza?"

"Mimi."

Mama alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Basi mwanangu, hata mzoa taka hugonga mlango."

Bibi harusi aliitwa kupimwa upya. Akasimama juu ya kigoda, binti akishika futi huku mama akichora, pini mdomoni. Binti hakuwahi kumwona mama akifanya kazi kwa karibu namna ile: alivyofuta mstari wa shingo, akauchora, akaufuta tena. Mchoro mpya ukapendeza kuliko wa kwanza, na bibi harusi mwenyewe alisema hivyo.

Kazini, kiongozi wa kikundi hakuona tatizo. "Mtu kamwaga mwenyewe. Kosa letu liko wapi?"

"Tunamuuliza swali ambalo hana namna ya kulijibu," binti akasema, akamsimulia yaliyompata mama.

Kiongozi alikuna kidevu. "Haya, tengeneza tuone."

Jaribio la kwanza mama alilikataa palepale. "Hili sasa linanihoji kama polisi."

Binti akapunguza maswali. Akatenga taka za flashi na za kompyuta. Kila faili likaonyesha lilikotoka, na likaweza kurudishwa huko kwa kubonyeza mara moja, hata kama folda yake ilishafutwa. Swali likabaki moja, lililosema waziwazi nini kinaondoka na nini kinabaki. Kiongozi alilijaribu pipa hilo mwenyewe, akafuta, akarudisha, akafuta tena, kisha akaagiza liingie kwenye toleo jipya.

Toleo lilipotoka, mama aliisafisha flashi yake bila kumpigia mtu simu. Alisoma swali polepole, midomo ikicheza, akabonyeza, akarudi kwenye cherehani.

Jioni ndipo alipopiga.

"Pipa lako ni zuri," alisema. "Sasa Jumamosi njoo tuzungumze kuhusu hii programu ya kuchapisha. Aliyeitengeneza mnafahamiana?"

"Tunafahamiana, mama."

"Basi njoo naye."