Anwani ya Zamani

Mhariri wa vitabu vya shule alikuwa na anwani tatu za barua pepe: ya kazini, ya nyumbani, na ile aliyoifungua enzi za chuo, ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka sita. Asubuhi moja fundi wa kompyuta wa ofisini, jamaa wa maneno mengi waliyemwita Waya, alimwona akihangaika kufungua hii na kufunga ile.

"Dada, nyumba moja milango mitatu ya nini? Ngoja nikuunganishie zote kwenye programu moja."

Neno la siri la ile ya zamani alilipata baada ya kukosea mara mbili. Barua zikamiminika, matangazo juu ya matangazo.

"Soko zima limehamia humu!" Waya akacheka. Hakuona mwenzake alivyoinamia kioo cha kompyuta.

Katikati ya takataka zile mhariri aliliona jina la dada yake mkubwa, aliyefariki miezi minne iliyopita.

Walikuwa wamegombana kuhusu nani amuuguze mama, na yeye, mdogo, akatamka neno lisilotamkwa kwa mkubwa. Akabadili hata namba ya simu. Hasira ilipopoa akamwandikia kuomba radhi, akitumia anwani yake ya kazini. Akangoja wee, kimya. Basi, kanisusa, akasema, akakaza shingo. Msibani aliketi nyuma kama mpita njia.

Kumbe dada alijibu wiki ileile, ila kwa anwani aliyoizoea, ile ya enzi za chuo. "Kitindamimba wangu, yameisha. Ulimi hauna mfupa. Njoo." Ya pili: "Figo zinanisumbua. Usiogope, njoo tucheke." Ya tatu ilikuwa fupi: "Bado una hasira?"

Hakuaga mtu ofisini, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa dada yake. Alimkuta shemeji yake, mume wa marehemu, sebuleni, anapiga pasi sare za watoto.

"Shemeji, aliniandikia."

"Najua. Ya mwisho nilimwandikia mimi, mikono yake ilikuwa imevimba." Akanyoosha kola ya shati. "Kila siku alikuwa ananiuliza, 'Hajajibu?' Nikamwambia uko safarini."

"Sikuwa safarini."

"Hata yeye alijua."

Akakaa chini sakafuni, akalia kilio ambacho msibani hakukilia. Shemeji alizima pasi, akaketi kando yake. Hakumwambia anyamaze.