Sifuri Katikati ya Lebo

Mimi sipendi kukosolewa, na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, analijua hilo. Ndiyo maana alinisubiri nimalize chai pale ofisini tunapofanya kazi pamoja.

Programu ilikuwa yangu, nimeiandika kwa C, lugha ya kompyuta, na kesho yake ilitakiwa ianze kazi hospitalini. Inalinganisha lebo ya mfuko wa damu na lebo ya mkononi mwa mgonjwa. Zikifanana, inawasha taa ya kijani. Wauguzi wengine huandika kwa herufi kubwa, wengine ndogo, basi niliifundisha isijali tofauti hiyo. Nikavimba kichwa wiki nzima. Mke wangu angefanyiwa upasuaji hospitali hiyohiyo Ijumaa, nami nilishamwambia asiwe na wasiwasi, mumewe yupo.

"Shem, hebu njoo uone."

Alikuwa ameingiza lebo ya dada yake. Akaingiza na mfuko wa mgonjwa mwingine wa wodi ileile, mwenye kundi tofauti la damu. Ikawaka kijani.

"Umechezea nini wewe?" nilifoka.

"Sijagusa kitu. Si uliweka alama ya sifuri kati ya jina la wodi na namba ya mgonjwa? Sasa hii njia yako ya kulinganisha ni ya maneno. Ikikuta sifuri, inajua neno limeisha, inafunga kazi. Namba haiifikii kabisa."

Miaka kumi na tano ya C, na nilikuwa najaribu kwa wagonjwa wa wodi tofauti tu!

Sikumsukuma kando kama kawaida yangu. Nilivuta stuli nikamtazama akiandika. Mistari minane, basi. Njia yake inaambiwa lebo ina baiti ngapi, yaani herufi na alama zake zote, inazipitia moja moja, kila herufi inaishusha iwe ndogo kabla ya kulinganisha, na sifuri inaipita tu hadi hesabu itimie. Jamani, yule dada anajua kazi! Nilitafuta pa kumkosoa, sikupaona.

Mfuko wa yule mgonjwa mwingine ukawasha nyekundu. Wa mke wangu, kwa herufi kubwa na ndogo, kijani. Tulirudia mara arobaini.

Nilipofika nyumbani, mke wangu aliniuliza kama programu yangu iko tayari.

"Iko tayari," nilisema. "Ila mimi ningekuua. Mdogo wako ndiye aliyeliona kosa."