Mombasa Yote Iko Posta

Chumba cha chini cha nyumba ya Bi Mejumaa, pale Kibokoni, kiliandikiwa wapangaji wenye kelele. Zamani alikaa humo Everlyne Nanjala na cherehani yake. Mwaka ule wa tisini na tisa alikuwamo Ken Oloo na kompyuta zake tatu za kukodisha, na kila alipotaka kuingia kwenye mtandao, kile chombo chake cha simu kilipiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia, kikakohoa, kisha kikanyamaza. Bi Mejumaa alikuwa akisikia yote hayo huko juu jikoni kwake.

"Afadhali cherehani," alikuwa akisema. "Cherehani hulia, nguo ikatoka. Hicho chalia, na hakuna kitu."

Alisema hivyo kwa mzaha, maana Ken alikuwa kijana wa watu, mwenye shikamoo yake kila asubuhi ajapo kazini. Baba yake alikuwa mpakuzi wa mizigo kule bandarini Mbaraki, na yeye alizaliwa na kukulia papo hapo kisiwani, nyumba za baraza la mji za Buxton. Bi Mejumaa alimpenda. Ila kila alipopita mlangoni na kuona zile kompyuta, jicho lake lilikwenda pembeni pa dirisha, palipokuwa na cherehani, na moyo ukamwenda mbali.

Enzi hizo yeye na Everlyne hawakuwa wakipanda wala kushuka ngazi kwa kila jambo. Bi Mejumaa alikuwa na kikapu na kamba. Asubuhi alikiteremsha dirishani na mahamri ya moto ndani, akapiga ukelele, "Everlyne, shika!" na Everlyne, mke wa karani wa reli aliyetoka bara asijue hata kukuna nazi, akatoa mkono dirishani akapokea. Jioni kikapu kilipanda na kunde za karanga, au ndizi, au kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye ushonaji. Kila mtu wa mtaa ule ajua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu ni kama umesema, basi, yamekwisha baina yetu.

Ndiyo maana bakuli la Everlyne la maua ya buluu lilimkera roho. Mwaka wa themanini na moja Morgan, mumewe Everlyne, alihamishiwa Kisumu ghafla. Asubuhi ya safari bakuli lilipanda kikapuni limejaa kunde, na kabla Bi Mejumaa hajapata la kutia ndani, mizigo ilikwisha kwenda stesheni. Barua zilikwenda zikirudi mwaka mmoja hivi. Morgan akahamishwa tena, zikakoma. Bakuli likabaki jikoni kwa Bi Mejumaa, halipakuliwi chakula, halitiwi chumvi, linapanguswa vumbi tu.

Yote hayo angeyavumilia. Lakini sasa nyumba yenyewe ilikuwa inakwenda. Bwana Athmani, mumewe, alikuwa amefariki miaka mitano nyuma, na warithi walikuwa wamekubaliana iuzwe. Bi Mejumaa hakugombana nao, haki ya mtu ni haki yake. Ijumaa angehamia Malindi kwa bintiye. Ken naye alikuwa akitafuta chumba kingine. Watu walimwambia mzee huyu pole kwa ajili ya nyumba, naye akawaitikia, lakini kilichomkosesha usingizi si nyumba.

Siku moja alishuka, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ken, mwanangu. Hiki chombo hutafuta watu?"

"Hutafuta kila kitu, bi. Wamtaka nani?"

"Namtaka mwenye chumba hiki." Akamweleza. "Everlyne ajua nyumba hii tu. Siku akinitaka, atakuya kubisha hapa. Mie nikisha kuhama, atanipata wapi? Nami ntampata wapi?"

Ken alifurahi kupata kazi ya maana. Miezi kadhaa alikuwa akiunda programu yake mwenyewe, na hapakuwa na mtu mtaani aliyetaka kusikia habari zake.

"Sikiza, bi. Huko ng'ambo kuna mitambo mikubwa ya kutafuta, imesoma kurasa za dunia nzima. Lakini ukiiuliza fundi wa saa, yakuletea mafundi wa Ulaya na Marekani. Wa hapa humpati. Sasa, programu yangu yenyewe huiuliza ile mitambo, mimi sigusi kitu. Majibu yakija, yayasoma, yatupa yasiyotaja mji wako, na yaliyobaki yayatia kwenye ramani, kila moja pahali pake."

"Pahali pake hasa?"

Hapo Ken akajikuna shingo. "Karibu."

Akamwonyesha. Ramani ya kisiwa ilikuwa imenyooka vizuri kiooni, Mji wa Kale huku, Kibarani kule mwisho. Ken akaandika daktari wa meno. Kidoto, nukta ndogo nyeusi, kikatua Posta, barabara ya Digo. Akaandika duka la vipuri, kikatua Posta. Shule, hoteli, wakili, wote Posta, kimoja juu ya kingine, hata pale mahali pakawa doa moja jeusi.

"Programu husoma anwani," alisema Ken kwa unyonge, "na anwani zetu zote ni sanduku la posta. Kwa hesabu yake, Mombasa yote iko Posta."

Na angefanyaje, masikini? Nani Kibokoni ana nambari mlangoni? Mtu huelekezwa apite msikiti, aache mkono wa kulia mlango wenye misumari, aulize kwa fulani. Hilo halijaandikwa popote ambapo mtambo ungeweza kulisoma.

"Muandike Everlyne Nanjala," alisema Bi Mejumaa.

Chombo kilipiga yowe. Wakangoja. Ken alisema pengine hapatakuwa na kitu, asivunjike moyo. Kisha kidoto kikatokea kimoja tu. Ulikuwa ukurasa wa kanisa moja la ng'ambo, uliowashukuru watu wa Mombasa kwa darasa la ushonaji la akina mama. Mwalimu, Everlyne Nanjala. Chini yake nambari ya sanduku la posta, Mombasa.

Bi Mejumaa alishika kifua. "Yuko hapa? Hapa Mombasa?"

"Yaonyesha hivyo. Lakini pale si kwake, bi, ni sanduku tu, pengine hata si lake..."

"Si wasema yuko Posta? Basi ntakwenda Posta."

Ken alicheka mpaka akaondoa miwani. Bi Mejumaa hakucheka. Alikuwa amekwisha kupanda ngazi kwenda kuroweka mbaazi.

Asubuhi alivaa buibui, akabeba bakuli la maua ya buluu limejaa mbaazi za nazi, mahamri juu yake, na kitambaa safi kimefungwa. Akaenda akasimama mbele ya ule ukuta wa visanduku vya chuma, akaitafuta nambari, akakaa kando yake. Watu walikuja wakafungua visanduku vyao, wakatoa bahasha, wakaenda zao. Kile kimoja hakikuguswa.

Adhuhuri askari wa mlangoni, aliyekuwa akiisikia harufu tangu asubuhi, alisogea. "Mama, wamngoja mtu?"

"Namngoja."

"Mliahidiana saa ngapi?"

"Tangu mwaka wa themanini na moja."

Yule askari akaona hapo hapana swali jingine la kuuliza, akamletea kiti. Mbaazi za nazi hazilali, kwa hiyo jioni yeye ndiye aliyezila, akasifu sana. Kesho yake Bi Mejumaa akapika nyingine. Usidhani hakuona aibu. Wanawake wa mtaani walimpita wakamtupia macho, na mmoja alimwuliza kama sasa anauza chakula. Miguu ilimuuma. Alijiambia ni upuuzi, mtu mzima hafuati kidoto. Lakini kila alipotaka kuondoka alikumbuka Ijumaa iko karibu, akakaa tena.

Siku hiyo ya pili, jua limepanda, mwanamume mwenye shati la mikono mirefu alikuja moja kwa moja kwenye kile kisanduku, akakifungua. Bi Mejumaa aliinuka kwa haraka nusura amwage bakuli.

"Salaam aleikum, baba. Hilo sanduku ni la Everlyne Nanjala?"

"Aleikum salaam, mama. Hili ni la kanisa letu, watu wengi hulitumia." Jina lake lilikuwa Joab, mtunza ofisi ya kanisa. Akafikiri. "Everlyne... Hatuna Everlyne. Yule mwalimu wa ushonaji? Aa! Huyo ni Mama Jared. Hilo Everlyne ni jina la kwenye makaratasi. Akaa Buxton."

Bi Mejumaa aliyasikia mambo mawili kwa pamoja, na hakujua lipi limpige kwanza. Buxton. Na Mama Jared. Miaka yote ile ya Kibokoni Everlyne hakuwa na mtoto. Mara ngapi walilia wote wawili katika chumba kile cha chini, mmoja akimwomba Mungu kwa dini yake na mwenzake kwa yake.

Joab akamwongoza. Uani Buxton, nani anatoka na mfuko wake begani akienda kazini? Ken Oloo.

"Bi Mejumaa! Wafuata nini huku?"

"Namfuata Everlyne."

"Everlyne yupi? Hapa pana..." Ken akageuka kuutazama mlango aliouonyesha Joab. "Huyo ni Mama Jared! Mimi nimekula chapati zake tangu niko shule!"

Mtu asimlaumu kijana yule. Tangu lini mtoto wa jirani akamjua mama wa mwenzake kwa jina alilobatizwa?

Mlango ukafunguliwa. Aliyesimama hapo alikuwa amenenepa kidogo, mvi zimemwingia, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni vile vile kama zamani. Alimtazama Bi Mejumaa, akalitazama bakuli, akajifunika uso kwa viganja viwili.

"Everlyne, shika," alisema Bi Mejumaa.

Everlyne hakushika. Alikuwa akilia. Waliingia ndani, wakaketi, na Joab na Ken wakajua kwamba hapo wanaume hawana kazi, wakaaga.

"Lini umerudi Mombasa?" aliuliza Bi Mejumaa.

"Mwaka wa tisini na nne. Morgan alipopunguzwa kazi reli."

Hapo ndipo hasira ilipompanda, hasira hasa. "Miaka mitano! Wakaa Buxton, mie nikipiga chafya Kibokoni wewe wasikia, na huji? Nilikukosea nini, Everlyne?"

"Nilikuja, dada." Everlyne alifuta uso kwa kanga. "Wiki ile ile niliyofika. Nilikununulia doti ya kanga nyekundu, nikaja nacheka peke yangu njiani. Nikamkuta msichana barazani, akaniambia Bwana Athmani amefariki, arobaini imekwisha kupita, na wewe umo ndani, uko eda. Nikajitazama. Nimesimama mlangoni kwa mfiwa na kanga nyekundu mkononi. Sikumzika, sikukaa matangani, sikukuletea hata kibaba cha mchele. Yule bwana alinilipia daktari, wajua. Nikasema nitarudi na pole ya maana. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Kila siku ikiongezeka, uso wa kuja kwako ukazidi kunipungua. Siku moja nilikuona Marikiti, nikajificha nyuma ya magunia ya vitunguu."

"Ukajificha?"

"Nikajificha."

Bi Mejumaa alitaka kuendelea kukasirika lakini hakupata pa kuishikia ile hasira. Yeye mwenyewe angefanya nini? Kukosa matanga ya mtu wako si jambo dogo, na yeye alijua watu wa damu waliotupana kwa hilo.

"Basi sema sasa," alisema.

"Niseme nini?"

"Hiyo pole. Mie sijaambiwa pole na wewe. Nimeambiwa na mji mzima, na wewe hujaniambia."

Everlyne alishuka kitini, akakaa chini mkekani kama wakaavyo wafiwa, akamshika mikono. "Pole, dada Mejumaa. Pole kwa Bwana Athmani. Alikuwa mtu mwema kwetu."

Bi Mejumaa alilia kilio ambacho hakukilia hata siku ile maiti ilipotolewa ndani, maana siku ile alikuwa na wageni wa kuangalia. Alilia mpaka akachoka. Kisha akajifuta, akauliza, "Na Jared?"

"Ana miaka kumi na sita. Yuko shule. Mrefu, hapiti mlangoni."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mejumaa, akalia tena kidogo, hicho kikiwa kilio kingine. "Na hizo kanga?"

"Zimo sandukuni."

"Zitoe. Mie siko eda tena."

Wakala mbaazi, mmoja amejitanda kanga nyekundu na mwenzake nyingine, doti moja wakiigawana. Jua lilipoanza kuteremka Bi Mejumaa alisema kwamba kesho kutwa anahama. Everlyne akaacha kutafuna.

"Malindi? Ndiyo kwanza nimekupata! Nitakufuata wapi huko? Nipe anwani. Nambari ya sanduku."

"Sina sanduku. Ukishuka stendi, waulize watu nyumba ya Mwanahalima, binti wa marehemu Athmani wa Kibokoni. Wataijua."

Everlyne akasimama, akaliosha bakuli lile la maua ya buluu, lake mwenyewe, lililorudi kwake likiwa limejaa kama ilivyo ada. Lilikuwa limerudi, hakuna aliyedaiwa tena. Angeweza kulipanga kabatini. Badala yake alifungua sufuria, akalijaza kunde za karanga, akalifunga na kile kitambaa cha mwenzake, akampa.

Bi Mejumaa alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa la moto.

"Sikurudishii kwa kikapu mara hii," alisema. "Njoo ulitwae mwenyewe. Na uje na Jared."