Chombo Kinachosimama

Mama alikuwa amekataa katakata, na mama akikataa, hata kuta za nyumba zinajua. Binti yake mkubwa, rubani wa helikopta ya uokoaji, alikuwa likizoni tangu ajifungue, na Jumatatu alitakiwa kukaa mbele ya mkaguzi aonyeshe kama mikono na miguu yake bado inaikumbuka kazi. Mkaguzi hakumtisha. Aliyemtisha ni huyu mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia shingoni, ambaye kila akiulizwa alijibu lile lile: "Kwenye lile bovu lenu hurudi kwa radhi yangu." Na binti alikuwa amekula yamini mwenyewe, mbele ya familia nzima, kwamba bila radhi ya mama harudi kazini. Kiapo kikawa kimemkaba mwenye nacho.

Jumamosi mchana akamwita mdogo wake aje amsaidie. Mtaa mzima ulimwita Waya, kwa jinsi kibanda chake cha kutengeneza kompyuta na mashine za michezo kilivyojaa nyaya hadi mteja hakosi kujikwaa, na siku hizi hata mama alimwita hivyo, ilimradi hana hasira naye. Dada alikuwa ameazima simuleta ya mwenzake, mashine ya kujizoezea urubani nyumbani: kiti, skrini tatu, fimbo ya kuongozea, wenzo wa kushoto wa kupandia na kushukia, na jozi ya pedali kuukuu. Nafasi pekee iliyopatikana ni chumba cha mama cha kushonea, kati ya cherehani na rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo.

"Mwanangu," mama alimnong'oneza Waya mlangoni, mjukuu akiwa mgongoni, "wewe si fundi? Fundi hakosi kisingizio. Mwambie kuna kifaa hakijafika."

"Mama, kila kitu kipo hapo sakafuni."

"Basi kipoteze."

Waya alicheka, lakini moyoni hakuwa mbali na mama. Yeye kupanda ngazi kubadilisha taa tu kunamtoa jasho. Hakuwahi kuelewa ni wazimu gani uliomwingia dada yake, mtoto aliyelelewa vizuri na kushiba vizuri, hata akachagua kula mkate wake akiwa ananing'inia. Angepata kazi ya mezani, kila mtu angelala. Ndivyo alivyokuwa akifikiri wakati anachomeka waya wa kwanza, na hakuona aibu yoyote kufikiri hivyo.

Akazipanga pedali kwa namna anayoijua kutoka kwenye michezo ya magari anayowatengenezea wateja wake. Ya kulia mafuta, ya kushoto breki. Akapangusa mikono, akamkaribisha dada kwa madaha.

Dada akakaa, akavuta wenzo, helikopta ya kwenye skrini ikainuka kidogo, kisha ikaanza kujizungusha kama mbwa anayefukuza mkia wake. Akakanyaga kushoto. Haikusaidia. Ikazunguka, ikalala ubavu, ikafa.

"Waya, hii ya kushoto umeifanya nini?"

"Breki."

"Breki!" Dada akamgeukia. "Utashika breki kwenye nini huko juu, kwenye wingu?"

Waya akajitetea kwamba pedali ni pedali. Dada akacheka mpaka akajifuta macho, halafu akamweleza kwa viganja vyake. Pangaboi kubwa la juu likizunguka huku, mwili wote wa helikopta unataka kuzunguka kule. Kinachoukatalia ni pangaboi dogo la mkiani. "Pedali ndizo mdomo wangu. Nauambia mkia ukatae sana au ukatae kidogo. Nikisukuma moja, nyingine inarudi nyuma, zinakwenda pamoja. Kushoto pua inageukia kushoto, kulia inageukia kulia. Mafuta na breki kamuuzie mwenye basi."

Basi Waya akaingia tena kwenye mipangilio, akazifunga pedali mbili ziwe kitu kimoja, moja ikienda mbele nyingine irudi. Pua ikatii. Lakini tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo lilimfanya avute kigoda akae sawasawa. Ilikuwa otopailoti, ile akili ya mashine inayomshikia rubani mambo asichoke. Dada alibonyeza kitufe cha kushika pua, taa ya kijani ikawaka, na pua ikaendelea kutangatanga.

"Kwenye ile ya kweli," dada alisema, "chini ya nyayo zangu kuna swichi ndogo. Miguu yangu ikiwa kwenye pedali, otopailoti inakaa pembeni kwa adabu zake, haigusi pua. Nikitoa miguu, inaipokea na kuishika pale pale nilipoiacha. Hii haishiki. Ni kama inadhani bado nimekanyaga."

"Toa miguu."

"Nimetoa."

Waya akachungulia chini ya meza. Kweli, nyayo za dada zilikuwa sakafuni. Akafungua dirisha la vipimo kwenye skrini, na hapo akaona mstari wa pedali ukitetemeka peke yake bila kuguswa. Pedali zisizo na swichi, programu hupima kwa kutikisika tu: zikitikisika, kuna miguu. Akazigeuza juu chini, akafungua skrubu, akakuta ndani kumejaa nyuzi na vumbi la vitambaa, zawadi ya chumba cha mama. Akapuliza, akasafisha, akarudisha. Mtetemo ukapungua, haukuisha. Ikabidi aweke pengo katikati, yaani kimwendo kidogo ambacho mashine itajifanya haikioni.

Pengo la kwanza lilikuwa kubwa. Dada alijaribu akakunja uso. "Umenivalisha mabuti ya mvua. Sisikii kitu." Waya akalipunguza, mtetemo ukarudi. Akaliongeza unywele mmoja. Wakaendelea hivyo, mmoja akilalamika na mwingine akinung'unika, mpaka dada alipoacha kulalamika akaanza kuruka.

Kwenye skrini kulikuwa na bonde lililojaa mafuriko. Maji ya kahawia, miti imezama mpaka kifuani, na katikati yake paa la nyumba moja lenye mtu wa kuchorwa ameketi amekumbatia magoti. Dada alishuka taratibu juu ya lile paa. Akazima otopailoti yote makusudi, taa moja moja, akabaki yeye.

Waya hakutazama skrini. Alitazama miguu. Dada alikuwa peku, na vidole vyake havikutulia hata kidogo. Vilisukuma vikaachia, vikasukuma tena, miendo midogo kiasi kwamba ungedhani ni mishipa inacheza. Mkono wa kulia ulikuwa hivyo hivyo kwenye fimbo, na wa kushoto kwenye wenzo. Kiungo kimoja kikifanya kosa dogo, vingine viwili vilikwisha kulijua na kulisawazisha. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, wa mtu anayesikiliza habari ya mbali. Hapo Waya akainua macho kwenye skrini, na paa lilikuwa pale pale. Mtu wa kuchorwa pale pale. Hakuna kilichosogea. Kazi yote ile, mwili mzima ukihangaika bila kupumzika, ilikuwa ya kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea.

Alikuwa amekaa meza moja na mtu huyu tangu utotoni, amegombana naye juu ya kijiko na juu ya kitanda cha dirishani, na hakujua kwamba anaweza hivi. Alimwona dada yake kwa mara ya kwanza na akajisikia mdogo, na wala hakuchukia. Alitaka mtu mwingine aje aone, haraka, kabla halijapita.

"Mama!" akapaza sauti. "Mama njoo! Imesimama! Dada kasimama hewani!"

Kilisikika kitu kikianguka jikoni, kisha miguu ya mama ikikimbia. Akaingia ameshika kifua, mtoto akirukaruka mgongoni, macho yamemtoka.

"Nilijua!" akasema. "Hata ya kwenye televisheni imesimama! Nilisema mimi, nilisema!"

Wote wawili wakamtazama.

"Ulisema nini, mama?" dada akauliza, mikono bado iko kazini.

"Kwamba ni bovu! Si wewe mwenyewe unarudi hapa jioni unanihadithia kwa kicheko? Leo tulisimama juu ya mto. Leo tulisimama juu ya mlima, upepo mkali. Chombo gani hicho kinasimama kila siku? Gari la mjomba wenu lilisimama kilimani mara moja tu, tukashuka tukasukuma, akaliuza. Nyinyi huko juu mnashuka mnasukuma?"

Waya aliangua kicheko, hakuweza kujizuia. Lakini dada hakucheka. Aliachia fimbo, helikopta ikaenda kujifia majini, wala hakuitazama.

"Mama. Ulikuwa unadhani tumeharibikiwa?"

"Gari likisimama njiani limefanyaje, limefurahi?"

"Mama, kusimama ndiyo kazi yenyewe. Tunasimama makusudi. Tunaituliza hewani, mwenzetu anashuka kwa kamba anamchukua mgonjwa. Isiposimama, hatuwezi kumwokoa mtu."

"Makusudi?"

"Makusudi, mama. Hiyo ndiyo sehemu ninayojivunia, ndiyo maana nakuhadithia."

Mama akajishikiza kwenye cherehani. Kicheko cha Waya kilikuwa kimekauka. Alikumbuka jioni zile zote, dada akila kwa hamu na kusimulia, mama akiitikia "ehe, ehe" huku akikusanya vyombo visivyokuwa vimemaliza kutumika.

"Miaka yote hiyo," dada akasema polepole. "Ulikuwa unalalaje?"

"Nani alikwambia nalala?"

Hapo dada akainuka, akamkumbatia mama pamoja na mtoto mgongoni, akalia waziwazi. Mama akampigapiga mgongo, akimwambia basi, basi, sare za watu zitalowa. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anatazama skrini juu ya bega la binti yake, pale ambapo mafuriko yalikuwa yameanza upya na paa limerudi na mtu wake.

"Sasa kitu kisichokanyaga popote," akauliza, "kinasimamaje?"

"Kaa uone."

Mtoto akahamia mikononi mwa Waya. Mama akaketi akivuta gauni lake magotini kwa heshima, kana kwamba helikopta ni mgeni. Dada akapiga magoti kando yake, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye wenzo, akaipandisha juu ya paa. "Miguu kwenye pedali, mama. Taratibu."

Taratibu! Miguu ile ilikuwa imekanyaga cherehani maisha yake yote. Ilipoona pedali haikuuliza, ilianza kazi, kushoto kulia kushoto kulia, na helikopta ikawa inatikisa pua kama mtu anayekataa chakula. Mama akapiga kelele. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kukanyaga, na kadiri alivyokanyaga ndivyo pua ilivyozidi kwenda mrama.

"Mama, toa miguu."

"Nikitoa si itaanguka!"

"Otopailoti iko hapa, inasubiri. Nimeiwasha. Lakini haiwezi kushika kama umekanyaga, inakupisha wewe kwa heshima. Toa miguu, mama."

"Siwezi."

Na kweli hakuweza. Waya aliiona ile miguu, mishipa imesimama, visigino vimegandamizwa, na akajua kwamba mama haoni tena skrini. Alikuwa anamshikilia binti yake asianguke, kama alivyomshikilia kila jioni kutoka kwenye kigoda kile cha cherehani, mbali, bila kujua anakanyaga nini.

"Niko hapa kando yako," dada akasema. "Sipo huko. Toa mmoja kwanza."

Mguu wa kushoto ukatoka, ukaning'inia. Pua ikayumba. Kisha, baada ya muda mrefu, wa kulia nao ukatoka, na mama akaikunja yote miwili chini ya kiti, vidole vimebanana.

Pua ikasita. Ikarudi kidogo, ikakaa. Dada akabonyeza kitufe kingine, akaondoa mkono kwenye wenzo. Akabonyeza cha mwisho, akaondoa mkono kwenye fimbo. Paa halikusogea. Maji ya kahawia yakawa yanapita chini, mtu wa kuchorwa ameinua uso, na mama amekaa juu yake bila kugusa chochote, mdomo wazi.

"Imesimama," akanong'ona.

Mtoto, aliyebanwa sana kifuani pa Waya, akaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti ya kudai haki. Dada akageuka, Waya naye akamtazama mama, maana nyumba ile mtoto akilia ni mama anayeinuka.

Mama hakuondoa macho kwenye paa.

"Mtoe nje umbembeleze," akamwambia Waya. "Na uanze kuzoea. Mimi hapa nimesimama, na dada yako Jumatatu yuko kwa mkaguzi, kwa radhi yangu."