Miguu ya Bi Mkubwa

Wifi aliingia bila hodi, akapita sebuleni kama askari wa upekuzi, akaenda moja kwa moja hadi kitandani kwa mama yake, Bi Mkubwa. Akafunua shuka. Akabonyeza mguu wa kushoto kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, akahesabu hadi tano, kisha akakitoa. Shimo likabaki pale pale, kama mtu amebonyeza unga uliokandwa.

"Umeona?" alimwambia kaka yake. "Miezi mitatu! Miguu ya mama imekuwa magogo, na wewe unachomelea madirisha ya watu. Muulize mkeo anamlisha nini."

Mke mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka hapo, nyuma ya cherehani. Mtaani walimwita Sindano, kwanza kwa kazi yake ya kushona, pili kwa ulimi wake.

"Niulize mimi, wifi. Masikio ninayo."

"Mimi siongei na wewe."

"Basi ongea na ukuta, utanifikishia."

Mume, waliyemwita Fundi, alisimama katikati yao na mabega yake mapana. Alikuwa hodari wa kuunga chuma. Kuunga watu kulimshinda. Mkewe na dada yake walikuwa na mwaka wa pili hawasalimiani, na kisa chenyewe hakuna aliyekikumbuka vizuri.

"Jumamosi nampeleka mama kwa daktari," Wifi alisema. "Daktari akikosa ugonjwa, basi si ugonjwa. Ni mkono wa mtu. Na mtu huyo atafungasha cherehani yake siku hiyo hiyo. Nyumba hii ni ya mama."

Fundi alitazama kucha zake. Sindano alimsubiri aseme neno, hata kikohozi tu.

Si kwamba Sindano alikaa tu akitazama. Aliondoa chumvi kwenye mboga, Bi Mkubwa akaitema na kuwatangazia majirani kwamba mkamwana wake anampikia chakula cha gereza. Alimwekea mito chini ya miguu, akaambiwa anamning'iniza kama popo. Ilipofika jioni miguu haikuingia kwenye ndara, akakata kanda zake na kushona nyingine pana. "Umeniharibia ndara zangu," akasema Bi Mkubwa, na akazivaa.

Jambo moja tu halikuwa na ugomvi. Kila asubuhi Sindano alimpa kidonge cha presha, kile cheupe cha zahanati, akasimama mbele yake mpaka ameze. Na kila alasiri, akiwa cherehani, alisikia kitu kikilia "kra" nyuma ya pazia la Bi Mkubwa, kama karatasi ya peremende. Hakuuliza. Katika nyumba ile swali lilikuwa sawa na kuomba vita.

Jumamosi wote wanne walibanana ndani ya chumba cha daktari. Alikuwa mwanamke mfupi, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele, na mezani kwake majibu ya mkojo, damu na moyo yalikuwa tayari.

"Figo safi," alisema. "Ini safi. Moyo wa mama una afya kuliko wangu. Mshipa ungeziba, kwa kawaida ungevimba mguu mmoja. Hii imevimba yote miwili, sawasawa." Aliinua pakiti ya zahanati. "Dawa hii huweza kuvimbisha miguu, lakini kwa kidonge kimoja sikutarajia iwe hivi. Mama, kuna dawa nyingine unayokunywa?"

Bi Mkubwa alitazama dirisha. Wifi alitazama dari.

"Hakuna," Bi Mkubwa alisema.

"Basi nitaandika chanzo hakijajulikana, tuanze vipimo upya."

"Andika!" Wifi alidakia. "Andika hivyo hivyo na mhuri ugonge. Nilisema mimi. Hospitali haioni kitu, kwa sababu kitu chenyewe si cha hospitali. Kaka, umesikia kwa masikio yako?"

Fundi alirudi kwenye kucha zake.

Sindano aliiona cherehani yake ikifungashwa hapo hapo, mbele ya macho yake, kwa kalamu ya mtu asiyemjua. Akautazama mkoba wa Bi Mkubwa, ule mweusi ambao hata mwanawe wa kuzaa haruhusiwi kuushika. Bi Mkubwa alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili. Mtu hakumbatii peremende hivyo.

Aliunyakua.

"Mwizi!" Bi Mkubwa alipiga kelele. "Daktari, naibiwa mbele yako!"

Sindano aliugeuza juu chini. Vikaanguka mezani miwani, chanuo, funguo za milango ambayo haikuwepo tena, na pakiti tatu za njano za vidonge. Mbili zilikuwa tupu.

Daktari alichukua moja, akageuza nyuma, akasogeza herufi ndogo karibu na jicho. Akaiweka kando ya ile ya zahanati.

"Nani amempa hizi?"

"Mimi," Wifi alisema, kidevu juu. "Za zahanati ni chokaa, kila mtu anajua. Nilimletea dawa ya maana. Nikamwambia asimwambie yule, angezitupa."

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Hizi ni dawa moja," daktari alisema. "Viwanda viwili, majina mawili, dawa ile ile. Mama anakunywa kipimo cha juu asubuhi, anakirudia alasiri. Ikizidi hivyo, maji huvuja kutoka kwenye mishipa na kushuka miguuni. Mama, kwa nini ulimeza zote mbili?"

Bi Mkubwa aliona hakuna tena pa kujificha. "Huyu simwamini," alisema, akimnyooshea Sindano kidole. Kisha akamnyooshea bintiye. "Na huyu tangu utotoni hununua vitu kwa rangi ya boksi. Nikasema nikimeza zote, ya mmoja ikiwa mbaya, ya mwenzake itaifuta."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kidonge kimoja tu kwa siku," alisema. "Kipimo nakipunguza nusu. Mtapima presha kila asubuhi, mrudi baada ya wiki mbili. Miguu ikipungua, hilo ndilo jibu letu. Isipopungua, tutatafuta tena. Na dawa itoke kwenye mkono mmoja."

"Mkono wangu," Wifi alisema haraka.

"Sawa, uwe wako," Sindano alisema. "Saa moja kila asubuhi uwepo. Usimame mpaka ameze, maana huficha chini ya ulimi. Umpime, uandike kwenye daftari."

"Saa moja niko kazini."

"Basi ahamie kwako. Leo."

Wifi akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Sindano akamgeukia mumewe. "Jumamosi ndiyo hii. Nifungashe au nisifungashe?"

Fundi alifungua mdomo, akamtazama dada yake, akaufunga.

"Nyumba ni yangu, niulize mimi," Bi Mkubwa alisema, akirudisha miwani mkobani. "Utabaki. Anayenichukia waziwazi hawezi kuniua, mtaa mzima utajua ni yeye. Aliyenivimbisha ni huyu anayenipenda kwa siri."

"Mama!" Wifi alisema.

"Nyamaza. Umenigeuza tembo."

Walitoka. Kwenye korido Fundi alimfuata mkewe mbiombio, akamshika kiwiko. "Mke wangu, mimi nilikuwa nataka kusema kwamba..."

"Nililisikia ulilosema. Ulilisema vizuri sana ulipokuwa kimya." Sindano alijichomoa. "Panda gari na dada yako. Mimi na mama tunatangulia kwa bajaji."

"Na nyumbani je?"

"Nyumbani tutaongea. Leta kikohozi chako, nitakisikiliza."

Akamshika Bi Mkubwa mkono, wakaanza kushuka ngazi moja moja. Nyuma yao Wifi alikuwa akimfokea kaka yake, na kaka yake, kwa mara ya kwanza siku ile, akamjibu. Sindano hakugeuka kusikiliza alijibu nini.

"Taratibu," Bi Mkubwa alinung'unika. "Unanivuta kama mbuzi."

"Mbuzi angekuwa ameshafika, mama."