Ngalula, Herufi Saba Nyekundu

Siku ile mjinga alikuwa Godefroid, na mwenyewe hakukana.

Mashua yenyewe ilikuwa ya aluminiamu, ndogo, aliyoachiwa na Mzungu wa mtaa wa Golf aliyefunga nyumba mbiombio. Ilivuja. Tela lake lilikuwa na gurudumu moja. La pili lilikuwa hadithi. Godefroid aliziba nyufa kwa lami ya paa, akachonga viti kwa mbao za masanduku, akaokota gurudumu kwenye vyuma chakavu. Shida ilikuwa moja: kuifikisha Kasenga na kuvuka mto Luapula hadi ng'ambo ya mpaka na mke wake Ngalula, mtoto wao wa kwanza Kalenga na wadogo zake, kwa maana mwezi ule wa nane, 1961, kuzaliwa Mukasai, mtu wa Kasai, kulikuwa kosa tosha Elisabethville. Katika barabara yao nyumba tano zilikuwa wazi, kuku wakiingia na kutoka kama wenyeji.

Kitu kimoja tu hakukibania: rangi. Akanunua nyekundu ya maana, akaandika ubavuni kwa herufi za mkono mzima: NGALULA, jina la Kikasai waziwazi. Bwato bila jina la mwanamke, alisema, ni sufuria tu.

Jumamosi mchana askari wa jandarmeri akashuka kwenye baiskeli yake, akasoma herufi moja moja, midomo ikicheza. Akauliza hilo ni jina la nini. Godefroid, mwenye jibu la kila kitu, akasema ni samaki.

Askari akacheka kwa adabu.

“Nimezaliwa Kasenga, tata. Ule samaki siyamuona bado.”

Akauliza wanasafiri lini. Kisha akaondoka bila haraka, akihesabu nyumba kutoka kwao hadi kona.

Ngalula alitoka na brosi ya waya. Wafute jina, alisema, waondoke kabla ya jua kushuka. Godefroid akabisha: gurudumu halijakazwa, rangi ile haitoki, na ikikwanguliwa itaacha kovu la kuwaambia wote kwamba kuna kitu kimefichwa, tena mume gani anafuta jina la mke wake kwa mkono wake mwenyewe? Wangoje kesho. Akatania kwamba huenda askari ameenda kuuliza bei ya samaki.

Ngalula hakucheka. Akamwekea brosi mkononi.

“Baba Kalenga, ba Ngalula tuko babili hapa. Leo mumoja atafutwa. Chagula weye.”